Gurudumu la kaboni kwa motokari ya mashindano: programu ichaguliwe mwisho, si mwanzo

Mwezi wa tisa mwaka 2023, wanafunzi wa chuo kikuu cha ETH Zurich na wenzao wa chuo cha Lucerne, inchini Uswisi, waliweka rekodi ya dunia ya motokari za umeme. Motokari yao, yenye jina la mythen na uzito wa kilo 140 hivi, ilitoka kwenye kusimama hadi kilometa 100 kwa saa kwa muda wa sekunde 0,956. Ni muda ambao mtu hawezi hata kumaliza kutamka jina lake na la baba yake.

Tangu hapo, kila kijana wa politekniki anayependa motokari anauliza swali moja: wanafunzi kama hao wanatumia programu gani kwenye ordinatere? Swali linakuwa kali zaidi linapofika kwenye gurudumu la kompoziti, yaani gurudumu la nyuzi za kaboni zilizoshikwa na rezini. Wanasikia majina: Ansys, Abaqus, Nastran, OptiStruct, Code_Aster. Kila mmoja ana lake, na mabishano yanakuwa kama ya mashabiki wa mpira.

Kuuliza si ujinga. Lakini swali hilo limewekwa mahali pasipo pake. Kwa gurudumu la kompoziti, programu ni kitu cha mwisho kuchagua. Timu inayoanza na jina la programu inajitengenezea picha nzuri za rangi nyekundu na buluu, na mbele ya picha hizo inasahau kwamba kuna mtu ataketi ndani ya motokari ile.

Gurudumu si kifuniko cha moteri

Kifuniko cha mwili wa motokari kikipasuka, mbio zinaweza kuendelea. Gurudumu likipasuka kwenye kona, dereva hana tena usukani wala freni upande ule. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo.

Sababu ya kutamani kaboni inaeleweka. Gurudumu lina kazi mbili kwa wakati mmoja: linasonga mbele pamoja na motokari, na linazunguka. Kilo moja iliyo pembezoni kabisa mwa gurudumu, wakati wa kuongeza mwendo, inakula nguvu karibu sawa na kilo mbili zilizowekwa ndani ya motokari. Zaidi ya hayo, gurudumu halibebwi na resori. Likiwa zito, linarukaruka kwenye barabara mbaya na mpira unapoteza mshiko. Anayepunguza uzito pale anapata faida mara mbili.

Wazo lenyewe si la jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Michelin na Citroën zilileta magurudumu ya rezini iliyotiwa nyuzi kwa motokari ya SM. Mwaka 2015, Ford ilitoa Shelby GT350R ikiwa na magurudumu ya kaboni yaliyotengenezwa na Carbon Revolution ya Geelong, Australia. Lakini katika Formula 1, mahali ambapo kaboni imejaa kila upande, sheria za ufundi kwa miaka mingi zimelazimisha magurudumu ya magnesiumu, aina ya AZ70 au AZ80. Mwenye kufikiri anapaswa kusimama kidogo hapo. Mchezo wenye pesa nyingi kuliko yote katika mbio za motokari umebaki na gurudumu la metali.

Metali ina tabia moja nzuri: mara nyingi inapinda kabla ya kuvunjika. Fundi wa garaji ya Goma au Bukavu anajua vizuri janti iliyopinda. Anaiona, anaipiga nyundo, au anaitupa. Kaboni haitoi onyo la namna hiyo. Inaweza kuonekana nzima kwa nje, kumbe ndani matabaka yameanza kuachana.

Programu inajua tu kile ilichoambiwa

Karatasi ya kaboni yenye nyuzi zinazoelekea upande mmoja ina nguvu nyingi sana kwa kufuata nyuzi. Kwa upande wa kukata nyuzi, ugumu wake unashuka zaidi ya mara kumi, na nguvu yake ya kuvumilia kuvutwa inashuka zaidi ya hapo, kwa sababu upande ule ni rezini tu inayoshika. Ndiyo maana mafundi wanapanga matabaka kwa pembe mbalimbali: digri 0, digri 45, digri 90. Gurudumu moja linaweza kuwa na mpangilio tofauti kwenye mkono, kwenye kitovu, na kwenye ukingo unaoshika mpira.

Kwa aluminiumu, programu inahitaji namba chache, na namba hizo zinapatikana katika kila kitabu. Kwa tabaka moja la kaboni, inahitaji ugumu wa kufuata nyuzi, ugumu wa kukata nyuzi, ugumu wa kusuguana, na namba inayoonyesha namna tabaka linavyopungua upana likivutwa. Kisha zinakuja nguvu tano: kuvutwa na kusukumwa kwa kufuata nyuzi, kuvutwa na kusukumwa kwa kukata nyuzi, na kusuguana. Na hapo bado nguvu ya gundi kati ya tabaka na tabaka, ambayo ndiyo inayoamua maisha ya sehemu zilizopinda.

Namba hizo zinatoka wapi? Timu nyingi zinazichukua kwenye karatasi ya mwuzaji. Mwuzaji alipima kipande kilichopikwa kwenye tanuri lenye presha, katika kiwanda safi, na mafundi wa miaka mingi. Wanafunzi wanapika chao kwenye tanuri la kawaida, kwa mfuko wa plastiki na pampu ya kunyonya hewa. Vishimo vya hewa vinabaki ndani. Pembe ya nyuzi inateleza kidogo mkono unapolaza karatasi juu ya umbo la mviringo. Programu haijui lolote kati ya hayo. Imeambiwa digri 45, inahesabu digri 45.

Mzigo nao ni vilevile. Ichukuliwe motokari ya wanafunzi yenye kilo 280 pamoja na dereva. Ikisimama, kila gurudumu linabeba kilo 70 hivi. Kwenye kona kali, gurudumu la nje linaweza kubeba mara mbili, yaani karibu niutoni 1.400, na mpira mzuri unaweza kusukumwa kwa upande kwa nguvu inayofika niutoni 2.100. Nguvu hiyo inapiga chini, kwenye lami, sentimita 23 kutoka kitovu. Ni sawa na mtu wa kilo 49 anayening'inia kwenye ncha ya mti wa mita moja, na huo mti umefungwa kwenye bolti za gurudumu.

Na haipigi mara moja. Gurudumu la ukubwa huo linazunguka zaidi ya mara 15.000 katika kilometa 22, ambazo ndizo urefu wa kawaida wa mbio ndefu za mashindano ya Formula Student. Katika kila mzunguko unaopita kwenye kona, kila mkono unavutwa na kusukumwa tena. Timu iliyohesabu mzigo mmoja uliosimama, halafu ikafurahi kuona hakuna rangi nyekundu, haijahesabu gurudumu. Imehesabu kiti.

Hata mabingwa hawakukubaliana

Kuna kisa kimoja ambacho kila mwanafunzi wa kompoziti angepaswa kukijua kabla ya kufungua programu yoyote. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Uingereza Hinton, Kaddour na Soden walianzisha zoezi la dunia nzima. Waliwaendea wenye nadharia za kuvunjika kwa kompoziti, wakawapa takwimu zilezile za nyuzi na rezini, na kuwaomba wahesabu kesi 14 za majaribio. Wengi walikuwa wale wenyewe waliozitunga nadharia hizo. Matokeo yalikusanywa katika kitabu kilichotoka mwaka 2004: nadharia 19 zilipimwa mbele ya vipimo vya kweli.

Majibu yalitawanyika sana. Hakuna nadharia hata moja iliyopata vema katika kesi zote, na katika kesi nyingine tofauti kati ya hesabu na kipimo ilikuwa kubwa mno. Hao walikuwa mabingwa, na walipewa namba safi.

Somo lake kwa anayechagua programu liko wazi. Kanuni ya Tsai-Wu ya mwaka 1971 na kanuni ya Hashin ya mwaka 1980 zinapatikana leo kwa kubofya tu. Lakini kitufe hakigeuzi nadharia kuwa ukweli. Programu ya bei ya nyumba nzima na programu ya bure, zikipewa kanuni moja na namba moja, zitatoa jibu karibu moja. Na kama namba ni mbaya, zote mbili zitakosea pamoja, ile ya bei kubwa ikikosea kwa picha nzuri zaidi.

Maswali ya kweli ya kuchagua

Hii haimaanishi kwamba programu zote ni sawa. Kuna maswali ambayo yanatofautisha kweli.

La kwanza: je, inaweza kufuata tabaka moja moja? Programu inayochukua kaboni kama metali nyeusi haifai, hata ikitolewa bure. Lazima ionyeshe mkazo ndani ya kila tabaka, na msuguano kati ya tabaka na tabaka.

La pili: mpaka wake ni upi? Hesabu ndogo inatosha kuonyesha. Ukingo wa gurudumu wenye kipenyo cha sentimita 25 na upana wa sentimita 18, ukigawanywa kwa vipande vya milimita 5, unahitaji nodi zaidi ya 5.600. Toleo la bure la Abaqus kwa wanafunzi limewekewa mpaka wa nodi 1.000. Ni zuri kwa kujifunza, lakini gurudumu halitaingia. Ansys nayo inatoa toleo la bure la wanafunzi, ambalo siku hizi linafika 128.000. Ukingo uleule kwa vipande vya milimita 2 unafika nodi 35.000, basi unaingia. Lakini kama timu inataka kujenga matabaka 12 kwa unene wake wote, kila tabaka na kipande chake, hesabu inapita 450.000. Hapo toleo hilo nalo linafungwa. Kumbe timu lazima ijue kwanza kama itahesabu gurudumu kama ganda jembamba, au sehemu gani tu, kama kitovu na kona za mikono, itahesabiwa kwa unene. Uamuzi huo ni wa injeniya. Hakuna mwuzaji anayeweza kuufanya kwa niaba yake.

La tatu: inajua namna karatasi inavyolala juu ya umbo? Gurudumu limejaa mikunjo. Programu inayoonyesha pembe halisi ya nyuzi baada ya kulazwa inasaidia sana, na hapa programu kubwa za biashara zina faida ya kweli. Asiyeweza kuzinunua anaweza kulaza karatasi moja kwa mkono, kupima pembe kwa raporteri, na kuingiza namba ile. Ni kazi ya siku mbili, lakini inafanyika.

La nne: nani atafungua faili hii mwaka kesho? Timu za wanafunzi zinabadilika kila mwaka. Aliyejua anapata diploma na anaondoka. Programu ambayo mtu mmoja tu anaijua, au ambayo leseni yake inakwisha naye, inaacha timu mpya ikianza kwenye sufuri.

Pesa, leseni na uhuru

Swali la nne linafungua lingine, ambalo linagusa moja kwa moja wanafunzi wa Lubumbashi, Goma, Bukavu au Kisangani wanaotaka kuingia katika fani hii. Njia inayojulikana ni ya flashi inayopita mkononi kwa mkono, na ndani yake programu ya maelfu ya dola iliyovunjwa kufuli. Wengi wanaona ni haki yao, kwa sababu mnunuzi wa kweli angelipa kuliko minerval ya promosheni nzima.

Mbali na sheria, kuna sababu ya ufundi ya kukataa njia hiyo. Kazi iliyofanywa kwa programu iliyoibwa haiwezi kuonyeshwa. Mwanafunzi hawezi kuiandika wazi katika TFC yake, hawezi kuipeleka mbele ya waamuzi wa mashindano, hawezi kumwuliza mtengenezaji kwa nini jibu limekuja la ajabu. Anabaki na jibu asiloweza kulitetea.

Hata anayelipa hana uhakika wa kesho. Mwaka 2025 peke yake, Siemens ilimaliza kununua Altair, wenye OptiStruct, na Synopsys ikamaliza kununua Ansys. Bei, masharti ya leseni na matoleo ya bure ya wanafunzi yako mikononi mwa mwenye mali, na mwenye mali anaweza kubadilika katikati ya masomo.

Njia nyingine iko wazi, na ajabu ni kwamba haizungumziwi sana mahali ambapo ingefaa zaidi. Code_Aster ilitengenezwa na EDF, kampuni ya umeme ya Ufaransa, na tangu mwaka 2001 ni programu huru: mtu anaichukua, anaitumia, anaisoma ndani, bila kulipa. Maelezo yake yameandikwa kwa Kifaransa, maelfu ya kurasa, pamoja na mifano iliyohesabiwa. Kwa mwanafunzi wa Congo aliyesoma mekaniki kwa Kifaransa, hilo si jambo dogo. Mwenzake wa inchi nyingine anapambana na lugha. Yeye anaingia moja kwa moja kwenye hesabu. Iko pia CalculiX, iliyoandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig, watu wa kiwanda cha moteri za ndege cha MTU kule Ujerumani. Faili zake zinafanana na za Abaqus, kwa hiyo anayeijifunza hapotezi njia akipata kazi kwenye kampuni kubwa. Zote mbili zinafanya kazi bila intaneti baada ya kuwekwa, jambo ambalo mtu anayeishi na umeme wa kukatika na mega za kununua analielewa haraka.

Upande wa pili una haki yake

Watetezi wa programu kubwa wana hoja nzito, na si vizuri kuzipuuza. Wanasema waajiri wanauliza Ansys na Abaqus, si Code_Aster. Wanasema programu huru zinadai mwanafunzi aandike mwenyewe hesabu ambazo kwingine ni kitufe, na mwandishi mchanga anakosea. Wanasema miezi sita ya kujifunza ni miezi sita bila gurudumu.

Hayo ni kweli. Timu ambayo chuo chake tayari kina leseni halali, na mwalimu anayeijua, haina sababu ya kuiacha kwa ajili ya kiburi. Itumie ile. Programu bora ni ile ambayo kuna mtu karibu anayeweza kusema: hapa umekosea.

Lakini hoja ya kuandika hesabu kwa mkono inaweza kugeuzwa. Mwanafunzi aliyeandika mwenyewe kanuni ya Tsai-Wu kwenye jedwali la kawaida, akahesabu kipande bapa cha matabaka manane, halafu akalinganisha na programu, anajua ndani mna nini. Jibu likimjia la uongo, atalinusa. Aliyebofya tu hatalinusa, hata kama programu yake ni ile ya viwanda vya ndege.

Pesa ziende kwenye kuvunja

Basi mpango wa busara unakwenda kwa kurudi nyuma. Kwanza timu iamue namna itakavyolijaribu gurudumu: kwa mashine gani, mzigo gani, mara ngapi. Kisha itengeneze vipande vidogo kwa mikono ileile, rezini ileile, tanuri lile lile, na kuvivunja. Vipimo vya kuvuta vina kanuni zinazojulikana, kama ISO 527 na ASTM D3039. Kwa gundi kati ya matabaka kuna ISO 14130, inayohitaji vipande vifupi tu na mashine ndogo. Maabara inayopima beto au chuma mara nyingi ina mashine inayoweza kuvuta au kukunja. Kinachokosekana ni vishikio vinavyofaa na mtu wa kuomba.

Isisahauliwe joto la freni, linalolegeza rezini isiyochaguliwa vizuri. Wala isisahauliwe kwamba kaboni ikigusana na aluminiumu penye maji, aluminiumu inaliwa polepole. Hakuna moja kati ya hayo litakalojitokeza lenyewe kwenye skrini.

Baada ya hapo ndipo programu ichaguliwe: ile inayoweza kurudia matokeo ya vipande vilivyovunjwa, halafu ya gurudumu zima. Ikishindwa kurudia kipande cha sentimita 25, haina ruhusa ya kutoa unabii juu ya gurudumu.

Mashindano yenyewe yanalijua hilo. Katika Formula Student, pointi 150 kati ya 1.000 zinatolewa kwa timu inayoeleza na kutetea uchoraji wa motokari yake. Mwamuzi hapendezwi na jina la programu. Anauliza: namba hii umeitoa wapi, na umeihakikisha namna gani? Timu za Misri, kama ile ya chuo kikuu cha Ain Shams, zimekwenda Uingereza na kujibu maswali hayo. Hakuna sheria ya asili inayosema kwamba timu ya Congo haitafika siku moja.

Itakapofika, ni afadhali iwe na gurudumu zito kidogo la aluminiumu ambalo kila namba yake ina mwenyewe, kuliko gurudumu jepesi la kaboni lililozaliwa kutoka namba za kukopa. Na kama ni la kaboni, basi kwenye meza ya mwamuzi kiwekwe kwanza kile kipande kilichovunjwa. Ordinatere ifunguliwe baadaye.